Nafasi ya nguo katika chumba cha mtoto: nyumba ya kale huongezwa kabati, haichimbwi ukuta

Katika nyumba nyingi za mawe mjini Lamu, chumba cha mtoto kina kitanda, dirisha na kuta nene, lakini hakina mahali pa kuweka nguo. Sare za shule huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kanzu na juba za chuoni hukunjwa juu ya kiti. Nguo zilizobaki hujazwa katika mifuko na kusukumwa mvunguni mwa kitanda, na masika yakifika, zile za chini hutoka zikiwa na madoa ya kuvu.

Mzazi anapotafuta suluhisho, macho yake huenda kwanza ukutani. Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita. Huonekana jambo rahisi kumwita fundi achimbe humo nafasi ya kabati, apige saruji, atie milango, na chumba kisipungue hata hatua moja. Ni wazo linaloeleweka. Hata hivyo, ndilo kosa linaloweza kuidhoofisha nyumba nzima, na kumhatarisha mtoto yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini ukuta wa nyumba ya kale hauchimbwi, na jinsi familia inavyoweza kupata nafasi ya kutosha ya nguo bila kuugusa. Ushauri huu unawalenga hasa wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hata hivyo, wenye nyumba za mawe za zamani kule Shela, Siyu na Pate watapata pia la kuwafaa.

Kwa nini chumba ni chembamba

Wajenzi wa zamani walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti hulazwa kutoka ukuta mmoja mrefu hadi ule unaoukabili, kisha juu yake hupangwa vipande vya mawe na kushindiliwa chokaa. Hiyo ndiyo dari ya chumba cha chini na sakafu ya chumba cha juu.

Kwa hivyo urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizi ni virefu lakini upana wake haufiki mita 3. Nguo ziliwekwa katika makasha, na vyombo vya thamani vikapangwa katika zidaka za ukutani. Kabati kubwa la milango miwili ni mgeni aliyekuja baadaye, na chumba hakikujengwa kwa kumtarajia.

Kinachotokea ukuta ukichimbwa

Ukuta wa matumbawe haufanani na ukuta wa matofali. Ni mawe ya maumbo mbalimbali, makubwa kwa madogo, yaliyoshikana kwa chokaa. Kila jiwe hulibeba jingine. Fundi anapotoa mawe upande mmoja hadi nusu ya unene, yale ya juu hubaki bila tegemeo. Kama huo ndio ukuta unaobeba boriti, basi uzito wa dari, na wa ghorofa ikiwa ipo, huangukia sehemu iliyokwisha kudhoofishwa.

Madhara yake mara nyingi hayaonekani siku hiyo hiyo. Kwanza huja ufa mwembamba juu ya shimo. Kisha plasta huvimba, ncha ya boriti hushuka kidogo, na sakafu ya juu huanza kuinama. Familia inaweza kuishi misimu kadhaa bila kuhusisha mambo hayo na kabati lililochimbwa zamani. Isitoshe, nyumba nyingi za Mkomani zimeegemeana. Ukuta unaochimbwa na jirani mmoja huenda ndio unaoshikilia chumba cha jirani mwingine.

Jambo la pili ni unyevu. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuuachia. Saruji huuzuia. Ukuta ukipigwa saruji ndani ya shimo la kabati, unyevu uliomo hutafuta njia nyingine, na chumvi huutoka ukuta kama unga mweupe huku plasta ikibanduka. Nguo zinazowekwa ndani ya shimo hilo, lisilopitisha hewa na lenye unyevu pande tatu, huota kuvu kuliko hata zile za mvunguni. Kwa maneno mengine, kabati la kuchimba halimalizi tatizo ambalo mzazi alitaka kulimaliza.

La tatu ni hasara isiyorudishika. Nyumba kubwa za mawe za Lamu zenye zidaka na nakshi za plasta zilijengwa hasa katika karne ya 18. Kidaka kilichovunjwa ili kupanua nafasi ya nguo hakiwezi kurudishwa kilivyokuwa.

Sheria inasemaje

Mwenye nyumba katika eneo linalohifadhiwa ana haki ya kuishi vizuri nyumbani mwake, na sheria haimkatazi kuboresha chumba cha mtoto. Inachomtaka ni kupata kibali kabla ya kuligusa jengo lenyewe.

Sheria mbili zinahusika. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo na maeneo yaliyotangazwa kuwa turathi, na kuyabadilisha au kuyaharibu bila idhini ni kosa. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayefanya ujenzi apate kwanza idhini ya kaunti. Anayeanza ujenzi bila idhini hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Kwa lugha ya kawaida, kabati linalosimama lenyewe na kuweza kuhamishwa ni samani kama kitanda au meza. Kuchimba ukuta, kuvunja kidaka, kuziba dirisha au kubandua plasta ya chokaa ni kulibadilisha jengo. Kati ya hayo mawili kuna mambo yenye shaka, kama vile kutoboa matundu ya skrubu. Kwa hayo, mwenye nyumba aulize kwanza katika ofisi za Makavazi ya Kitaifa ya Kenya mjini Lamu na katika idara ya kaunti inayoshughulikia ardhi na mipango ya miji. Kuuliza kabla ya kununua mbao huokoa pesa na kuepusha mzozo.

Kuanza kwa kuhesabu na kupima

Kabla ya kumwita seremala, familia ichague siku moja itoe nguo zote za mtoto na kuzipanga mafungu matatu: zinazomtosha na kuvaliwa kila wiki, zinazovaliwa kwa nadra kama za Idi na harusi, na zilizokwisha kumbana. Fungu la tatu ligawiwe. Mara nyingi nyumba hugundua kwamba sehemu kubwa ya nafasi iliyokuwa ikikosekana ilikuwa imechukuliwa na nguo zisizovaliwa na mtu.

Baada ya hapo chumba kipimwe: urefu, upana, kimo hadi chini ya boriti, na mahali pa mlango, dirisha, zidaka na nyaya za umeme. Upana upimwe mahali patatu, kwa sababu kuta za kale si za kunyooka kama rula. Kabati lililokatwa kwa kipimo kimoja tu linaweza kukwama nusu ya njia.

Kipimo kingine muhimu ni cha hanga. Hanga ya mtu mzima ina upana wa karibu sentimita 45, ndiyo maana makabati ya dukani yana kina cha sentimita 55 hadi 60. Hanga ya mtoto ina upana wa sentimita 30 hadi 35 tu. Kabati la mtoto lenye kina cha sentimita 40 linatosha kabisa. Katika chumba chembamba, sentimita 20 zilizookolewa ndizo zinazompa mtoto njia ya kupita kati ya kitanda na kabati.

Mpango unaofaa chumba kirefu

Chukua mfano wa chumba chenye upana wa mita 2.7. Kabati la dukani la upana wa sentimita 90, kina sentimita 60 na kimo sentimita 180 likisimamishwa kando ya ukuta mrefu, mkabala na kitanda cha upana wa sentimita 90, huacha njia ya mita 1.2. Milango ikifunguliwa, njia hiyo hupungua zaidi.

Mpango ulio bora ni kutumia ukuta mfupi wa mwisho wa chumba. Seremala atengeneze makabati mawili membamba, kila moja likiwa na upana wa sentimita 80, kina 40 na kimo 180. Moja lisimame kona ya kushoto na jingine kona ya kulia. Katikati hubaki nafasi ya takriban mita 1, ambapo ubao uliolazwa kutoka kabati moja hadi jingine huwa meza ya kusomea. Juu, ubao mwingine huyaunganisha makabati hayo na kuwa rafu ya nguo za nadra.

Makabati hayo mawili kwa pamoja yana nafasi kubwa kuliko lile moja la dukani, ilhali yanatokeza chumbani kwa kina kidogo. Kuna faida nyingine isiyoonekana. Katika chumba cha ghorofani, makabati yanaposimama kwenye kona, sehemu kubwa ya uzito wake huwa karibu na ncha za boriti, pale zinapokaa ukutani, badala ya kuwa katikati ambapo boriti hupinda kwa urahisi.

Hata hivyo, chumba cha ghorofani kikaguliwe kwanza kutoka chini. Boriti ikiwa imeoza nchani, imeliwa na mchwa au imepinda, irekebishwe kabla ya kuongeza uzito wowote. Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi ikiwa chumba cha mtoto ni wikio, yaani kile kinachopita juu ya njia. Humo nguo ziwekwe katika samani nyepesi tu mpaka fundi anayezijua nyumba za kale aseme vinginevyo.

Hewa ipite, wadudu wasipite

Kabati katika nyumba ya matumbawe lisigusane na ukuta wala sakafu. Nyuma iachwe nafasi ya sentimita 5, na miguu iliinue kabati sentimita 10 kutoka chini. Nafasi hizo mbili huruhusu hewa kuzunguka na pia humwezesha mama au baba kuona njia ya mchwa mapema, kabla haijafika kwenye nguo.

Mgongo wa kabati usizibwe kwa ubao mzima. Vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi vinatosha. Milango nayo ifanywe kwa vipande vinavyopitisha hewa, au pazia la kitambaa chepesi litumike badala yake. Pazia lina faida ya ziada: halihitaji nafasi ya kufungulia.

Mbao nzima zilizokauka vizuri ni bora kuliko zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambazo huvimba zikipata unyevu. Seremala aulizwe mbao zimekauka kwa muda gani, kwa sababu mbao mbichi hujipinda baada ya milango kutiwa. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hivyo bawaba na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi ya zile za kawaida. Ukuta ulio nyuma ya kabati upakwe chokaa, si rangi ya mafuta, nao uachwe ukauke kabla ya kabati kusimamishwa.

Baadhi ya familia hutumia vidonge vya naftalini kufukuza nondo. Katika chumba cha mtoto havifai. Vinafanana na peremende, na mtoto akivimeza vinaweza kumdhuru vibaya. Kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi inayopatikana kwa wingi Pwani, naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto mchanga hata nguo zilizohifadhiwa nayo ni hatari. Kuanika nguo juani, kuzikunja zikiwa zimekauka kabisa na kuacha kabati wazi saa chache kila wiki ni njia salama zaidi.

Kabati lisimwangukie mtoto

Mtoto mdogo huliona kabati kama ngazi. Huvuta droo za chini, huzikanyaga na kupanda kufuata kitu kilicho juu. Kabati refu lenye kina kidogo huinama mbele kwa urahisi, na likianguka humfunika. Hatari hii huongezeka katika nyumba za kale kwa sababu sakafu zake za chokaa mara nyingi hazikulala sawa.

Hatua ya kwanza ni kusawazisha miguu kwa kutumia pima maji, mpaka kabati lisitikisike. Ya pili ni kuweka vitu vizito chini na vyepesi juu. Ya tatu ni kutoweka kitu kinachomvutia mtoto, kama vile mpira au simu, juu ya kabati. Ya nne ni kuunganisha makabati mawili kwa ubao wa juu, kama ilivyoelezwa, ili yawe kitu kimoja kipana.

Hata baada ya hayo, kabati refu linahitaji kufungwa ukutani. Hapa ndipo ushauri wa ofisi ya uhifadhi unapohitajika. Skrubu mbili za juu, zilizotiwa sehemu isiyo na nakshi na iliyochaguliwa na fundi anayeujua ukuta wa matumbawe, huacha matundu madogo yanayoweza kuzibwa kwa chokaa siku kabati likiondolewa. Msumari mkubwa uliopigwa kwa nyundo hutikisa mawe na kuacha ufa. Ikiwa ukuta ni dhaifu kiasi cha kutoshika skrubu, basi kabati lisiwe refu. Makabati mafupi na mapana ndiyo yatumike.

Fimbo ya kutundikia hanga iwekwe kwa kimo cha mtoto. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6, sentimita 90 hadi 100 kutoka chini ya kabati humfaa, naye akikua fimbo hupandishwa. Mtoto anayeifikia sare yake mwenyewe hana sababu ya kupanda, na hujifunza kuirudisha mahali pake.

Kidaka na kasha bado vina kazi

Chumba chenye kidaka tayari kina rafu. Kofia, misahafu, vitabu na nguo nyepesi zilizokunjwa hukaa humo vizuri. Kisanduku cha mbao kinaweza kuwekwa ndani yake bila msumari wala gundi, kikawa droo ya soksi. Asiye na kidaka asichimbe kipya, kwa sababu vile vya zamani vilijengwa pamoja na ukuta, havikutobolewa baadaye.

Kasha la mababu nalo linafaa kwa nguo za Idi na mashuka, mradi lifanyiwe mambo mawili. Kifuniko chake kizito kitiwe kishikizo kinachokizuia kisianguke kwenye vidole, na kufuli inayojifunga yenyewe iondolewe. Watoto hujificha katika makasha wanapocheza, na kasha lililofungwa lina hewa kidogo mno.

Mambo ya kukamilisha kabla ya kazi kuanza

Mwenye nyumba ahakikishe amefanya haya:

1. Amepunguza nguo na kujua idadi ya zinazohitaji kutundikwa na zinazohitaji kukunjwa.
2. Amepima chumba na kupiga picha za kuta zote, pamoja na nyufa zilizopo.
3. Amechora mchoro mdogo, hata kwa mkono, unaoonyesha kabati litakaposimama.
4. Amemwomba fundi akague boriti ikiwa chumba kiko ghorofani au ni wikio.
5. Amepeleka mchoro na picha katika ofisi zinazohusika ikiwa ukuta, plasta au kidaka kitaguswa kwa namna yoyote.
6. Amepata bei kutoka kwa maseremala wawili au watatu, na kukubaliana kwa maandishi juu ya aina ya mbao na vipimo.
7. Amemweleza fundi wazi kwamba saruji haitatumika.

Wapangaji nao wanakumbushwa kupata ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, hata kwa matundu mawili ya skrubu.

Ikiwa ukuta ulikwisha kuchimbwa miaka iliyopita, familia isijaribu kuliziba shimo lenyewe kwa saruji na mawe. Iangalie kama kuna ufa juu ya shimo, plasta iliyovimba au boriti iliyoshuka. Moja kati ya dalili hizo likionekana, kitanda cha mtoto kihamishwe kutoka chini ya sehemu hiyo, na fundi wa nyumba za kale aitwe kuikagua. Ukuta wa matumbawe unaweza kujazwa tena kwa mawe na chokaa ukiwahiwa, na nguo zikapata mahali pake katika kabati linalosimama kwa miguu yake.